Sauti yanikauka kila msimu wa harusi, nyinyi waimbaji mwafanyaje?

BintiVugo:
Assalam aleikum wanajamvi. Mimi niko Lamu, Langoni, naimba na kikundi cha wanawake, twaitwa kwenye kupamba bibi harusi, kwenye vugo (ile ngoma ya harusi ya kina mama, yapigwa kwa pembe), wakati mwengine maulidi ya kina mama. Si mtu wa studio na sijasomea muziki popote, sauti nimepewa na Mungu na nyimbo nimefunzwa na nyanya yangu, basi. Shida yangu ni hii, harusi huku zaja kwa mkupuo, ukiona tu Shaaban imeingia kila mtu akimbilia kuozesha kabla ya Ramadhani, wiki moja waweza kuwa na harusi tatu na kila harusi ina siku zake. Siku ya kwanza naimba mpaka watu wanitunza, siku ya pili sauti ina mchanga mchanga, siku ya tatu nafungua mdomo yatoka hewa. Juzi ilinipwelea kabisa katikati ya vugo, tena ile ya kupita mitaani, waitikiaji wanitazama mimi nami nawatazama wao, ikabidi shoga yangu adakie juu kwa juu. Aibu niliyoipata nyie acheni tu, kuna mama mmoja hadi leo nikipishana naye Usita wa Mui, njia kuu ya mji, aniuliza "vipi koo?"

Nimeshajaribu tangawizi, asali na ndimu, mdalasini, karafuu chini ya ulimi, habasoda, zile pipi kali za kifua, hata yai bichi (niliambiwa nikameza, sirudii tena maishani). Siku ya shughuli nanong'ona tangu asubuhi ili niiweke sauti, wapi. Sivuti sigara, sitafuni miraa, soda ni mara moja moja.

Sasa nawauliza nyinyi mnaoimba kila siku, iwe taarab, kasida, kwaya, bendi, mwafanya nini siku za kawaida? Sitaki dawa ya dakika ya mwisho, hizo ninazo kabati zima. Imebaki wiki mbili Ramadhani iingie na nina harusi mbili mbele yangu.

PundaHuru:
yai bichi 😂😂 pole sana dada. mimi siimbi hata bafuni lakini nimekaa hapa nasubiri majibu, mke wangu naye huishiwa na sauti ila yeye ni kwa kunigombeza

SautiYaMalindi:
Pole dada, karibu kwenye chama. Mimi naimba bendi ya hoteli Malindi, mwaka wa kumi na moja huu, usiku tano kwa wiki na sizoni ikipamba moto ni kila usiku, kwa hivyo haya nayajua kwa kuumia. Kabla sijakujibu niambie kitu kimoja, mchana wafanya kazi gani? Usiniambie ya harusini, niambie siku yako ya kawaida kuanzia unapoamka.

BibiWaMkomani:
Mwanangu pole. Nami nimeimba vugo tangu mwari hadi meno yakaanza kung'oka, na sasa naandikiwa na mjukuu manake mato hayaoni vyema kwenye simu. Nitakwambia ya zamani. Sisi hatukuwa na masipika, lakini hakuna mtu moya aliyekuwa akiimba usiku kucha. Huyu atoa, akichoka kidogo, sio akichoka kabisa, akichoka kidogo tu, mwenziwe apokea. Mwenye sauti nyembamba apewa zake na mwenye sauti nene apewa zake. Siku hizi naona moya akishika maiki haitoi mkononi mpaka bwana harusi aingie, kwani mwashindania nini?

Na lengine. Kwenye vugo pembe zapigwa karibu na masikio yako, na kila zikipigwa kwa nguvu nawe wazidi kupaza bila ya kujua. Nyanya yetu alikuwa akiwaambia wapiga pembe, mwimbaji akiingia nyinyi shukeni. Sio mwimbaji apande, wao washuke. Hilo mwalisahau.

Nwa mai mwanangu. Ya kawaida, sio ya barafu na sio ya kuunguza. Hayo mayai waachie kuku.

BintiVugo:
Shikamoo bibi, na hilo la pembe sijawahi kulifikiria, kweli kabisa sisi twashindana nazo.

@SautiYaMalindi siku yangu ni hivi. Naamka alfajiri, naswali, naandaa watoto, saa moja nashika boti kwenda Shela, nafundisha nasari (chekechea) pale, watoto 38 darasa moja na mabati juu, mvua ikinyesha ndio usiseme. Saa saba narudi, boti hiyo injini yaunguruma nasi wanawake ndio tunapopigia soga. Saa tisa nafundisha chuoni (madrasa), kina dada wadogo, twasoma kwa sauti pamoja kama saa mbili hivi. Usiku kama kuna mazoezi twafanya nyumbani kwetu, kama kuna shughuli ndio hiyo. Baada ya shughuli tunakula, biriani ile ya saa sita usiku, narudi nalala kama gunia feni yanipiga usoni. Asubuhi naamka koo kama limekwanguliwa na mbuzi ya nazi, nakohoa kohoa ehem ehem mpaka lifunguke, naanza tena.

SautiYaMalindi:
Haya, hapo ndipo. Dada yangu, sauti yako haifi harusini, yafika harusini ishakufa. Hesabu mwenyewe, ukitoa kula na kupumzika na kungoja bibi harusi, harusini waimba labda saa moja na nusu. Lakini mchana ushapiga kelele saa tano nasari, nusu saa kwenye boti ukishindana na injini, saa mbili chuoni. Watu wote wakwambia cha kunywa, hakuna aliyekuuliza kuhusu watoto 38.

Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Mchana nilikuwa na kibanda cha vifaa vya simu karibu na stendi, makanga wapiga kelele nami niite wateja juu ya kelele zao, usiku ndio napanda jukwaani. Mwaka wa sita sauti ikaanza kukatika juu, nikiendea noti ya juu yatangulia hewa ndio sauti yafuata nyuma kama mkia. Nikenda Mombasa kwa daktari wa masikio, pua na koo, akanipitisha kamera nyembamba puani (haiumi, yawasha na machozi yatoka tu) nikajiona kwenye skrini. Vinundu viwili, kimoja kila upande, vimetazamana. Akasema ni sugu, kama ya mkononi kwa mpiga makasia, na kwamba kukata si jambo la kwanza, jambo la kwanza ni kubadilisha ninavyoongea. Akanipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya sauti, nikakaa naye miezi minne, kibanda nikamwachia mdogo wangu. Vikapungua bila kisu. Nafurahi manake yule mwimbaji na mwigizaji Julie Andrews alipasuliwa koo mwaka 1997 na sauti yake ya kuimba haikurudi ilivyokuwa. Wengine wapasuliwa na wanapona vizuri, yule mwimbaji Adele alivuja damu kooni mwaka 2011 akafanyiwa upasuaji Boston na akarudi kuimba, lakini mimi na Adele mifuko haifanani.

Alichonieleza mtaalamu ni hiki. Ndani ya kongomeo, pale kooni sauti inapotokea, mna mikunjo miwili ya nyama laini, sisi twaita nyuzi za sauti. Ukitoa sauti inagongana. Mwanamke akiongea tu kawaida yagongana kama mara 200 kwa sekunde, na ukiimba ile noti ambayo wapiga ala wawekea ala zao basi ni mara 440, kwa sekunde moja hiyo. Sasa ukipaza ni kama kupiga makofi ya nguvu, piga makofi ya nguvu kutwa nzima uone viganja vyako jioni.

Kuhusu tangawizi na asali, endelea kunywa kama wapenda, zatuliza koo, lakini jua hazifiki kwenye nyuzi. Chochote unachomeza chapita njia ya chakula na mlango wa hewa wajifunga, kikigusa kule ushapaliwa. Hata maji hayazigusi. Yaingia mwilini kwanza kisha ndio mwili wazilainisha kutoka ndani, yachukua muda, kwa hivyo kumimina chupa nzima ukiwa mlangoni mwa ukumbi ni kutafuta choo tu. Kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi. Kinachofika moja kwa moja ni mvuke, beseni la maji ya moto, shuka kichwani, pumua polepole dakika kama kumi, usitie vitu vikali ndani. Angalia usijiunguze na watoto wasikaribie.

Zile pipi kali za kifua mimi nimeziacha siku za kazi, zatia ganzi na baridi, waona koo limepona kumbe hulisikii likiumia.

Kunong'ona nako acha. Najua yaonekana kama kupumzisha lakini watu wengi wakinong'ona wakaza koo, hasa ule mnong'ono wa nguvu wa kutaka usikike chumba cha pili. Ama ongea kwa sauti yako ya kawaida ndogo, ama nyamaza kabisa. Na ile ehem ehem ya asubuhi wazigonga nyuzi makusudi, zatoa balghamu zaidi kujikinga, nawe wakohoa zaidi. Meza mate au piga funda la maji. Wiki ya kwanza utateseka, mimi nilikuwa nafungwa kitambaa mkononi nikumbuke.

Halafu mrija. Usicheke. Chukua glasi, maji nusu, chovya mrija kama sentimita mbili, puliza huku unatoa sauti ya "uuu" maji yachemke, panda polepole shuka polepole kama king'ora cha mbali. Dakika tano asubuhi kabla hujaongea na mtu, dakika tano kabla ya kuimba, na dakika mbili tatu ukimaliza shughuli. Ile hewa inayorudishwa na maji yasaidia nyuzi zikutane bila kupigana. Kama huna mrija babaisha midomo brrrr kama punda akipumua, na sauti ndani. Mrija ndio ulionirudisha jukwaani kuliko kitu chochote nilichowahi kununua.

PundaHuru:
hatimaye punda ametajwa kwa heri

MzeeKinanda:
Samahanini vijana, haya mambo ya mirija sijui kamera mimi naona ni kujitia woga. Bi Kidude, yule mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alivuta sigara maisha yake yote na akaimba mpaka uzeeni, umri wake hakuna hata aliyeujua kwa hakika, akafariki 2013 na bado watu walikuwa wakimwita jukwaani. Alichemsha mvuke yeye? Mimi nimepiga udi kwenye harusi za Lamu na Mombasa miaka mingi, nimekaa na waimbaji wakubwa, hawa walikuwa wala, wanywa kahawa tungu, waimba. Sauti ni kipaji na mazoezi. Ikikauka ni kwamba huna mazoezi ya kutosha, imba zaidi iwe ngumu.

SautiYaMalindi:
Mzee wangu heshima zako, lakini kwa kila Bi Kidude mmoja aliyevuta akaimba kuna wangapi walivuta wakanyamaza mapema na hatuwajui majina? Na ile sauti yake ya kukwaruza ilikuwa yake na ilimpendeza, mpe bibi harusi wa Lamu sauti ile kwenye kupamba uone. Moshi waingia palepale kwenye nyuzi, wazikausha na kuzivimbisha, na saratani ya koo ni kitu cha kweli.

Hilo la "imba zaidi iwe ngumu" ndilo lililonipa vinundu. Ngumu hatutaki, twataka laini.

Ila kwenye kahawa nakubaliana nawe. Watu wasema yakausha mwili, kikombe kimoja viwili vidogo sioni tatizo, mimi nanywa. Shida ya kahawa ni kwa mwenye kiungulia.

MzeeKinanda:
Haya. Lakini mazoezi ni muhimu.

UstadhWaKasida:
Assalam aleikum. Mimi niko Lamu pia, naongoza kasida, na wenye kujua maulidi ya Riyadha wajua mfungo sita, mwezi wa maulidi, kwetu ni nini, wageni kutoka kila upande na sauti yatumika kuanzia asubuhi hadi usiku wa manane. Niseme machache.

Kwanza tabaka la sauti. Kuna ugonjwa wa kuanza juu sana. Mtu aanza kasida pale inapomsisimua, akifika beti la sita hana pa kwenda, na vijana wote nyuma yake wakaza shingo mishipa imesimama kama kamba za jahazi. Siku hizi naanza chini kuliko ninavyotamani. Watu hawajui tofauti, wao wasikia kama imetulia. Kinanda cha umeme kina kitufe cha kushusha, dada mwambie mpiga kinanda wenu ashushe hatua mbili siku ya tatu, hiyo si aibu.

Pili, ubani na udi. Nani atakataa chetezo harusini, lakini msikiweke chini ya mwimbaji! Mimi nilikuwa nakaa pua juu ya chetezo nikidhani ni heshima. Sasa chakaa mlangoni, harufu yatufikia na moshi wabaki huko.

Tatu, Ramadhani yaja, na walioniuliza faraghani hapa naona ni wengi. Ukifunga usifanye mazoezi mazito saa kumi jioni koo limekauka, ngoja baada ya futari na taraweh. Maji yagawe kuanzia kufuturu hadi daku, usiyamalize yote kwa mpigo kwenye daku. Na viazi karai na bajia za ukwaju wa pilipili… nasema hivi nikijua mimi mwenyewe sitaacha.

Ule mrija nimeujaribu jana usiku jikoni, mke wangu akaja kuangalia kama kuna bomba limepasuka. Sina hakika bado. Lakini asubuhi hii nimeadhini bila ya kukohoa, nitautumia wiki moja nione.

MuuguziKisiwani:
Mimi ni muuguzi, siimbi, naongezea upande wa hospitali tu.

Hiyo biriani ya saa sita usiku na kulala moja kwa moja, dada, nadhani ndio ile mbuzi ya nazi yako ya asubuhi. Tindikali ya tumboni yapanda ukilala na yaweza kufika mpaka kooni, tena si lazima usikie kiungulia kifuani. Wengine dalili zao ni sauti nzito asubuhi, kuhisi donge kooni, kukohoa kohoa, mdomo uchungu. Jaribu kupakua chakula chako mapema kabla ya kuimba (kidogo, si shibe), na baada ya chakula kikubwa usilale mpaka zipite saa mbili tatu. Inua kitanda upande wa kichwani kwa tofali au kipande cha mbao, kama sentimita 15. Mito miwili haisaidii sana, yakunja tumbo tu.

Feni igeuze ipige ukutani. Hewa yetu ya pwani ina unyevu wa kutosha, tumebahatika kuliko walio bara, kinachokausha ni feni usoni huku umelala mdomo wazi.

Dawa. Kabla ya shughuli kubwa usijimezee aspirini hovyo kwa ajili ya kichwa, yafanya damu iwe rahisi kuvuja, na nyuzi zinazogongana kwa nguvu zina vishipa vidogo sana. Ila kama daktari amekuandikia kwa ajili ya moyo usiiache. Zile dawa za mafua zinazoleta usingizi nyingi zakausha koo. Mwenye pumu na anavuta dawa ya kupulizia asukutue kila akimaliza.

Na hili ndilo lililonifanya niandike, sauti ikikauka ghafla kabisa wakati unaimba au unapiga kelele, kama imekatwa, nyamaza hapo hapo na uende uonwe, yaweza kuwa damu imevuja ndani. Na sauti ikikwaruza wiki tatu nne mfululizo bila ya kupona, nenda hospitali wakupe barua ya kwenda kwa daktari wa koo, usingoje msimu uishe. Haraka zaidi kama wavuta sigara, au wapumua kwa shida, au wameza kwa maumivu, au makohozi yana damu, au kuna uvimbe shingoni. Tunaona watu wamekunywa tangawizi miezi minane.

PundaHuru:
nani kwanza aligundua kwamba zile nyuzi zagongana? alizionaje na ziko shimoni

SautiYaMalindi:
Swali zuri kwa mara ya kwanza tangu uingie haha. Mwalimu wa kuimba, wala si daktari! Manuel García, Mhispania aliyekuwa akifundisha London, mwaka 1854 alichukua kijioo cha daktari wa meno akajitia kooni, kioo chengine mkononi akakinga jua, akajiona akiimba. Akaishi miaka 101. Mtaalamu wangu alikuwa na picha yake ukutani.

BintiVugo:
Nimerudi. Samahani nilinyamaza siku tisa, nilikuwa nyamaza ya kweli haha.

Harusi zote mbili zimepita alhamdulillah. Niwaeleze nilivyofanya na kisichofanikiwa pia.

Nasari, nimeacha kuita. Napiga makofi, pa pa papapa, watoto wajibu kwa makofi hivyo hivyo kisha kimya. Siku mbili za kwanza hawakuelewa, ya tatu wakaona ni mchezo, sasa wao ndio wapiga kabla yangu. Na nimewasogeza wakae nusu duara karibu yangu badala ya kuwapigia kelele hadi ukuta wa nyuma. Mwalimu mwenzangu alidhani ninaumwa. Chuoni nimemweka binti mkubwa aongoze kusoma nami nasikiliza na kurekebisha, kusema kweli nimewasikia makosa yao vizuri zaidi kuliko nilipokuwa nikisoma nao.

Boti nimeshindwa. Boti ile soga zake hazivumiliki, kuna siku dada mmoja alianza kisa cha mkwe wake nikajikuta napiga kelele "ehee akasemaje?!" juu ya injini. Siku nyengine nakaa mbele na buibui usoni najifanya nimelala.

Mrija, wallahi @SautiYaMalindi Mungu akuzidishie. Mara ya kwanza maji yaliniruka usoni. Nimepata mirija ya kuosha ile ya chuma, nafanya jikoni watoto wakilala na mwanangu mdogo ameanza kunijibu na glasi yake.

Sasa harusi. Ya kwanza tulikaa kikao (bibi @BibiWaMkomani maneno yako niliyasoma kwa sauti kwa wote) tukakubaliana kupokezana nyimbo tatu tatu. Kulikuwa na kununa, sitaficha, kuna mwenzetu asiyependa kutoa maiki, mwisho akakubali. Wapiga pembe wakashuka tukiingia. Chetezo mlangoni. Siku ya pili sauti safi. Siku ya tatu ilikuwa na mchanga lakini ilikuwepo, nikaomba kinanda kishushwe, mpigaji akanitazama kama nimemtusi ila akashusha.

Biriani ndio mtihani. Harusi ya kwanza nilikula mapema sambusa mbili na wali kidogo nikamaliza. Harusi ya pili waliweka mbuzi mzima wa kupaka mbele yangu saa sita na nusu, nikasema kesho si siku. Nikala. Nikalala. Mbuzi ya nazi ikarudi asubuhi, kwa hivyo @MuuguziKisiwani umesema kweli, sasa nina ushahidi wa pande zote mbili. Tofali nimeliweka kitandani, mume wangu alala akiteleza kwenda miguuni analalamika.

Ehem ehem bado yanitoka lakini si kama zamani. Na nimeamua Ramadhani ikiisha, kama sauti itakuwa bado yakatika juu, nitapanda basi hapo Mokowe niende Mombasa nikapigwe hiyo kamera, manake nimehesabu nikaona huu mwaka wa tatu sasa, si wa kwanza.

UstadhWaKasida:
Masha'Allah. Wiki yangu ya mrija imekwisha, na vijana wanane wa kasida sasa wana glasi. Duka la hapa kwetu mirija imeisha.

BibiWaMkomani:
Mwanangu nimefurahi. Huyo asiyetoa maiki namjua ni nani, mama yake alikuwa vivyo hivyo.

PundaHuru:
bibi mtaje basi

BibiWaMkomani:
Wewe nenda ukamnyamazie mkeo.